Riale za Ayeeyo

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hii nimeiandika kwenye insha tangu darasa la sita, nikitafuta alama tu. Mwaka jana ndipo nilipoielewa, kwa sababu mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi. Naomba mnisikilize, na mwenye sarafu za kale nyumbani kwao asikilize mara mbili.

Sisi twaishi hapa Garissa, upande wa mto. Ndani ya nyumba yetu kuna sanduku la bati la Ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa mama. (Kwetu nyanya naye humwita mjukuu wake "ayeeyo", kwa hivyo mkisikia akiniita hivyo msishangae.) Ndani ya sanduku mlikuwa na sarafu nane. Tano zilikuwa riale kubwa za fedha, mbili zilikuwa rupia za Bara Hindi, na moja ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba. Mama yake Ayeeyo alizipata enzi za biashara ya ng'ombe na samli na Kismayu, naye akampa bintiye siku alipoolewa. Riale moja ilitiwa kikuku na sonara ikawa kidani, nyingine zikafungwa fungwa kila moja mahali pake.

Kila mmoja wetu anakumbuka ukame. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe wetu waliisha. Halafu Novemba 2023 Mto Tana ukafurika, na maji yakaingia hadi uvunguni mwa kitanda, lilipo lile sanduku. Tuliokoa magodoro na vitabu, sanduku likalala kwenye tope siku tatu. Baada ya hapo macho ya Ayeeyo yakazidi kufifia. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji ungemsaidia. Lakini pesa zitoke wapi?

Ayeeyo mwenyewe ndiye aliyetoa jibu. "Uzeni zile riale," akasema. "Zilikuja kwa ng'ombe, na ng'ombe hawapo tena. Nazo ziende zikafanye kazi."

Basi Jumamosi moja mimi na abti, yaani mjomba wangu, tukazifunga kwenye leso tukaenda sokoni. Mnunuzi mmoja akazipindua pindua kwenye kiganja huku akisikitika kwa kichwa. "Hizi mbovu," akasema. "Hii nyeusi tititi. Hii ina ufa, tazama mstari huu. Hii imeota ukungu wa kijani. Nitawapa elfu mbili kwa zote nane, kwa sababu ya huruma tu." Jamani, elfu mbili haipati hata mbuzi wa maana! Abti akazifunga tena kwenye leso bila neno, tukarudi.

Usiku ule sikulala. Nilijiambia kwamba tatizo ni ule weusi. Kama ningeifanya ile riale nyeusi ing'ae, mnunuzi angeona haya. Asubuhi na mapema nikachukua msasa wa abti, ule wa kusugulia mbao, nikaongeza ndimu na majivu, nikaketi nyuma ya nyumba nikasugua kama ninayesugua sufuria ya harusi. Kwa muda wa saa nzima nilisugua. Wallahi ilimetameta kama kioo! Nikakimbia nayo kwa Ayeeyo, nikangoja sifa.

Ayeeyo aliishika, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya bega la yule malkia. Akapitisha tena. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ayeeyo, shanga zake zimekwenda wapi?"

Sikujua ana maana gani. Ndipo aliponieleza kwamba kwenye bega la yule mwanamke kuna kifungo, na kandokando ya kifungo kuna shanga ndogo tisa. Wazee waliopokea riale walikuwa wakizihesabu, kwa jicho au kwa ukucha, kabla ya kukubali. Yeye alifundishwa na mama yake angali mtoto, na tangu macho yafifie alikuwa akizitambua riale zake kwa kuzihesabu usiku. Riale ile aliyoijua kwa kidole miaka sitini, mimi niliifuta uso kwa saa moja. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Wiki iliyofuata, kama kwamba nilipangiwa, mwalimu wa Kemia akaanza somo la salfa. Akasema kwamba salfa huchanganywa na utomvu wa mpira ili mpira wa magurudumu uwe mgumu. Akaendelea kusema kwamba salfa hupenda kushikana na fedha, na kwamba zikishikana huzaa kitu cheusi. Nilishtuka. Ile riale nyeusi Ayeeyo alikuwa ameifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili isipotee! Nikainua mkono, nikauliza, na darasa zima likacheka kwa sababu mimi huwa siulizi. Mwalimu hakucheka. Akaniambia, "Zilete."

Tulizipeleka siku ya Ijumaa baada ya masomo, mimi na abti, maana vitu kama hivyo havitembezwi ovyo. Mwalimu wa Biolojia akatuazima lenzi ya mkononi, na wa Fizikia akafungua maabara. Nitawaeleza tuliyoyaona, kwa kuwa ndiyo faida ya makala haya.

Kwanza mjue riale yenyewe ni nini. Yule mwanamke ni Maria Theresa, aliyetawala Austria tangu 1740 hadi alipofariki mwaka 1780. Sarafu yake ilipendwa sana na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu. Watu wakakataa sura nyingine, wakitaka ile ile waliyoizoea. Kwa hiyo ikaendelea kugongwa kwa miaka mingi ikiwa na tarehe ile ile ya 1780. Viwanda vya Vienna viliigonga, kisha Roma kuanzia 1935 wakati Waitaliani walipotaka kuingia Uhabeshi, na London kuanzia 1936. Hata Bombay na Birmingham ziliigonga. Hivyo ukiona 1780, usidhani sarafu ina umri huo. Uzito wake ni gramu 28.07, na katika kila sehemu elfu moja, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba hasa. Chini ya sura yake kuna herufi S.F., na kwenye ukingo kuna maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Wasomali wengi waliziyeyusha kwa sonara zikawa vidani na bangili. Hata Kiswahili chetu kinashuhudia, kwani fedha ni madini, na fedha hiyo hiyo ni pesa.

Sasa tuje kwenye kasoro. Mwalimu alitufundisha kwamba sarafu ina kasoro za aina mbili. Kuna zile iliyozaliwa nazo kiwandani, na kuna majeraha iliyoyapata duniani, kama sisi binadamu.

Sarafu huzaliwa hivi. Kisahani cha fedha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kisha hugongwa kwa nguvu. Mahali palipochimbwa kwenye muhuri ndipo panapoinuka kwenye sarafu. Muhuri ukigonga maelfu kwa maelfu huchoka, nao hupasuka. Fedha huingia ndani ya ule ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Ile riale ambayo mnunuzi alisema ina ufa, tuliitazama kwa lenzi. Mstari wake ulianzia kwenye ukingo ukapita juu ya herufi, na ulikuwa umeinuka! Nikaupapasa kwa ukucha nikausikia kama uzi mwembamba. Kumbe uliopasuka ulikuwa muhuri, na sarafu yenyewe ni nzima kabisa. Mkwaruzo wa kisu au wa msumari huingia ndani kama mtaro, wala hauinuki. Shikeni kanuni hii: mstari ulioinuka ni wa kuzaliwa, mstari uliozama mara nyingi ni jeraha.

Kasoro nyingine za kuzaliwa ni picha iliyokaa upande kwa sababu kisahani hakikuwekwa katikati, au ngozi ya madini inayobanduka kwa sababu kisahani chenyewe hakikuchanganywa vizuri. Mwalimu wa Historia, aliyekuwa akipita akavutwa na kelele zetu, akatuambia habari za Tabora. Mwaka 1916, vita vilipowabana Wajerumani katika Afrika Mashariki, walikosa sarafu kutoka kwao, wakazigonga wenyewe huko huko Tabora. Ziko za shaba nyeupe na nyekundu, na ziko za dhahabu zenye picha ya tembo. Zile za shaba nyingi hazikugongwa vizuri, picha zimefifia na mihuri haifanani, kwa kuwa zilitengenezwa kwa shida. Lakini leo watu wanazitafuta pamoja na kasoro zake, maana kasoro zenyewe zinasimulia historia.

Tukaja kwenye majeraha. Weusi, kama nilivyosema, ni fedha iliyoshikana na salfa. Mpira huuleta, sufu huuleta, na hata hewa yenye moshi huuleta polepole. Lakini hapa ndipo palipoingia uchungu wangu. Mwalimu alisema ule weusi ni utando mwembamba mno, na chini yake sura hubaki salama. Weusi si uozo. Anayesugua huondoa fedha yenyewe pamoja na utando wake. Kwenye lenzi riale yangu iliyong'aa ilionekana kama uwanja uliopigwa reki, mikwaruzo maelfu, yote imezama, yote inaelekea upande mmoja. Shanga tisa zimekuwa bapa moja. Pua ya malkia imekwenda. Mnunuzi aliita sarafu nzima mbovu, nami nikaenda nikaifanya iwe mbovu kweli.

Ukungu wa kijani ulikuwa kwenye riale iliyokaa ndani ya mfuko wa ngozi wakati wa mafuriko. Fedha haina kijani. Kijani hutoka kwenye ile shaba iliyochanganywa humo, ikipata maji na chumvi kwa siku nyingi. Tukailoweka kwenye maji safi, tukabadilisha maji mara kadhaa, tukaitoa tope kwa kijiti laini cha mwarobaini bila kukwaruza. Palipokuwa na kijani pamebaki vidoa, lakini shanga zote tisa zipo. Ile shilingi ya simba, iliyogongwa wakati wa Mfalme George wa Tano, ilikuwa imeharibika zaidi, na sababu ni hiyo hiyo: robo yake tu ndiyo fedha.

Mwisho tukazipima. Mwalimu wa Fizikia aliweka bika la maji juu ya mizani ya elektroniki, akairudisha hadi sufuri. Kisha tukaning'iniza riale kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea, kwa gramu, ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Ukigawa uzito wa sarafu kwa ujazo huo unapata densiti yake. Riale yenye mstari ilikuwa gramu 27.92, ikatoa 2.74, yaani 10.2. Ile ya kijani nayo ikatoa karibu 10.2. Yangu niliyoisugua ilikuwa na gramu 27.51, na densiti yake 10.2 pia, kumaanisha ni fedha halali iliyodhulumiwa. Ya kidani hatukuipigia hesabu kwa sababu ya kikuku chake. Lakini ya tano! Uzito wake gramu 23.90, ujazo 2.80. Densiti 8.5. Tukarudia mara tatu, namba ikakataa kubadilika.

Abti akaichukua akaiangalia ukingoni kwa lenzi. Maneno ya Kilatini yalikuwa yamevurugika, na kulikuwa na alama kama mshono kuizunguka sarafu yote, kama ndoo ya plastiki inavyokuwa na mshono. Usoni ilikuwa na vitundu vidogo vidogo. Haikugongwa hiyo. Ilimiminwa kwenye kalibu. Ilikuwa riale ya bandia, nayo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote kwa macho, haina weusi wala kijani! Vyote ving'aavyo si dhahabu, wala si fedha.

Njia nzima nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumwambia Ayeeyo kwamba alitunza kitu cha uwongo maisha yake yote. Nilipofika nikaketi miguuni pake nikaanza kuzunguka zunguka na maneno. Akanikatiza. "Unataka kuniambia habari ya ile nyepesi?" Akaomba aletewe jiwe. Akaiangusha riale ya kijani juu ya jiwe, ikalia mlio mrefu, tiiiiing. Akaiangusha ile nyingine, ikasema ta, ikanyamaza.

"Baba yangu aliuza fahali kwa hiyo," akasema. "Ilikuwa magharibi, na watu wana haraka, hakuiangusha kwenye jiwe. Mama akaitia kwenye fungu langu pamoja na zile nzuri. Akaniambia, hii si ya kununulia kitu, hii ni ya kukumbukia."

Mimi nilikuwa na densiti kwenye daftari, naye alikuwa na jiwe. Sote tulifika mahali pamoja, ila yeye alifika miaka sitini kabla yangu. Jambo moja niliongeza nami nikaona amefurahi: nilimwambia kwamba riale yenye kikuku au iliyotobolewa haitalia vizuri hata ikiwa halali, kwa hiyo kidani chake kisihukumiwe kwa jiwe. Akacheka, akasema, "Hilo sikulijua. Shule inafaa."

Abti alisafiri hadi Nairobi na riale ya mstari, ile ya kijani, na rupia mbili. Rupia zile ni ndogo, gramu 11.66 kila moja, lakini fedha yake ni safi kuliko ya riale, sehemu 917 katika elfu. Alikwenda na karatasi yangu yenye uzito na hesabu zote. Sonara aliyempata alipima mbele yake, akasoma karatasi, akacheka kidogo, na hakupunguza chochote kwa ajili ya mstari wala vidoa. Haikuwa pesa ya kujengea nyumba, lakini ilizidi mara nyingi ile elfu mbili ya huruma. Jamaa wakachanga iliyobaki, na Ayeeyo akapasuliwa jicho la kulia.

Walipomfungua bandeji alitaka aletewe riale zake. Akatazama kidani muda mrefu. Kisha akaomba ile yangu, ile niliyoisugua. Nilitamani ardhi inimeze. Akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza, akatabasamu. "Hii sasa ni kioo," akasema. "Kumbe nimezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia!" Tukacheka sote. Lakini nilimwona akipitisha ukucha tena pale begani, mara moja tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkiwa na sarafu za kale nyumbani, ninawasihi yafuatayo. Msizisugue, wala kwa msasa, wala kwa mchanga, wala kwa dawa ya meno. Zishikeni kwa ukingo, maana jasho la vidole nalo huacha alama. Zitunzeni pakavu, kila moja ndani ya karatasi safi au kitambaa cha pamba, mbali na mpira, mbali na ile mifuko ya plastiki laini inayonata. Na mtu akiwaambia sarafu yenu ni mbovu, muulizeni: mbovu wa kuzaliwa au wa kuumizwa? Kisha tafuteni lenzi na mizani kabla ya kukubali bei yake.

Na la mwisho, kabla hamjakitengeneza kitu cha mzee, muulizeni mzee mwenyewe anakijua kwa njia gani. Mimi sikuuliza. Riale hiyo sasa ni yangu, Ayeeyo amenipa, na amesema sababu ni ile ile aliyoambiwa na mama yake. Sasa sanduku lina riale mbili zisizonunua kitu: moja ya haraka ya babu yake mama, na moja ya haraka yangu.